Walter Alipata Nini

Nimeacha kujalidi vitabu nikiwa bado na nguvu za kubishana, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu katika kazi hii vidole hustaafu kabla ya mdomo. Viungo vya mikono vimenivimba, tundu la sindano naliwinda kwa kupapasa, na karakana nimewaachia ninyi vijana. Mkaniambia nisiondoke na niliyoyaona, niyaandike. Haya. Lakini msitegemee habari za nilivyojenga. Nyumba yangu mnaiona kila mnapopita, ina ghorofa na inajieleza yenyewe. Mimi nimeishia darasa la nne, na maprofesa wa mji huu wamepanga foleni kibarazani kwangu wamekumbatia vitabu vyao kama watoto wenye homa. Hilo liwekeni mbele, mengine yafuate.

Kazi niliianzia Buyenzi, kule Bujumbura, tulipokuwa wakimbizi, kwa Mzee Kasongo, Mkongomani wa Uvira mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza hakunishikisha kitabu. Alinipa sufuria, unga wa muhogo na maji, akasema nipike gundi. Nikapika, ikaiva vizuri, na kwa kuwa nilimwona mtu mwingine akitia mrututu wa kufukuza wadudu, nami nikatia. Sikujua kwamba Mzee huonja gundi kabla ya mrututu, si baada yake. Akachovya kidole, akaonja, akatema mpaka barabarani. "Umeshajua kuua mende," akasema. "Kesho utaanza kujua kujalidi."

Aliyonifundisha ni machache na yote bado yanafanya kazi. Uzi upitishe kwenye nta mpaka ulie ukiuvuta. Karatasi ina upande inaopenda kukunjika. Ukiikunja kinyume chake, kitabu kitakununia maisha yake yote. Mfupa wa kukunjia usinunue, tengeneza mwenyewe kwa ubavu wa ng'ombe, usugue mpaka uteleze kama sabuni. Na mwisho alisema fundi wa majalada hasomi vitabu vya watu, kwa sababu akianza kusoma, kazi inalala. Sheria hiyo niliishika bila shida, maana vingi vilikuwa vya Kifaransa.

Tuliporudi Rwanda nilikwenda moja kwa moja Nyamirambo, mtaa wa Biryogo, kwa hesabu nyepesi: palipo na misikiti kuna misahafu, na msahafu unaosomwa kila siku lazima uchanike. Hapakuwa na mtu wa kuijalidi. Walikuwa wanaibandika kwa gundi ya viatu, Mungu awasamehe. Presi niliiunda kwa jeki ya lori na mbao za mkaratusi, na presi hiyo ndiyo mnayoitumia mpaka leo, msije mkasema mmenunua. Uliletwa msahafu uliozama kwenye maji ya mvua, kurasa zimegandana kuwa tofali. Niliuachanisha ukurasa kwa ukurasa kwa mvuke wa birika, na imamu alipokuja kuuchukua alikaa chini kwanza. Kazi za ofisi za Kimihurura zilifuata zenyewe. Mtu akishasikia kuna fundi aliyefufua msahafu, ataleta hata ripoti ya mikutano.

Lakini mkiniuliza kazi gani ilinishinda kuisahau, si msahafu wala ripoti. Ni hadithi moja ya Kiingereza, tena nusu.

Aliyeileta ni Mwalimu Otieno. Ni Mkenya, anafundisha Kiingereza shule moja huko Kimihurura, lakini amepanga Nyamirambo kwa sababu, kama anavyosema, hapa anaweza kuagiza chai bila kufikiria. Kitabu alikiokota kwenye lundo la vitabu vikuukuu. Kilikuwa cha zamani sana, cha enzi za yule malkia wa Uingereza aliyetawala mpaka watu wakadhani hakuna mwingine. Mgongo umekufa, nyuzi zimeoza. Nikamwambia akiache, nitakishona upya, lakini kikae kwenye presi siku kadhaa. Akasema hawezi kukiacha, yuko katikati ya habari. Tukaelewana hivi: mimi nikifungua na kushona fungu kwa fungu, yeye atakuja jioni akitoka shule, akae kibarazani asome fungu lililo tayari.

Mwalimu akisoma hawezi kunyamaza nalo. Ana ugonjwa wa kuhadithia. Akawa anasoma kwa macho kwa Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, na watu wakaanza kuvuta viti. Sheria ya Mzee Kasongo ikavunjika hapo. Mimi sikusoma, jamani, nilisikiliza. Hakulikataza hilo.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mji wenye machimbo ya chumvi na mfereji wa kupitisha mashua. Kuna kijana, Walter, amechumbia binti aitwaye Alice. Mali ya baba yao inashikwa na kaka wa kambo wa Walter, mtu wa sala nyingi na macho yasiyotulia. Asubuhi moja ya ukungu Walter anashuka ngazi, anavaa viatu vyake, anafika mlangoni anamkuta mjakazi mzee anafagia. Anamwambia, "Nimepata mahali." Anacheka, anatoka. Haonekani tena. Kofia yake inaokotwa kando ya mfereji. Alice analia, kaka wa kambo analia kuliko Alice, na kitabu kizima kinabaki kuulizana: Walter ameuawa, au ameondoka kwa hiari yake? Na alipata mahali gani? Mwishoni yule mjakazi anaitwa na askari, anafuta mikono kwenye aproni, anasema, "Mimi asubuhi ile niliona…" na kitabu kinakwisha. Mwandishi alikufa hapo. Hakuacha hata karatasi moja ya kueleza alikokuwa anaelekea.

Siku Mwalimu alipofika kwenye neno hilo la "niliona" akafunga mdomo, watu wote walinigeukia mimi.

"Fundi," Claver akasema, "karatasi za mwisho iko wapi?"

Claver ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, egesho lake lilikuwa mbele ya karakana. Ni mtoto wa Cyangugu, Mkatoliki mzuri, na Kiswahili alijifunzia barabarani na abiria. Aliamini kabisa kwamba mwisho wa kitabu nimeupoteza kwenye gundi. Ilibidi Mwalimu afungue utangulizi ulioandikwa na rafiki wa marehemu, awaeleze kwamba hata Waingereza wenyewe hawakupata zaidi ya hapo. Claver alikubali, lakini alikagua ndoo ya gundi.

Ndipo nadharia zilipoanza. Mwalimu alisema kule kwao wasomaji wamebishana tangu mwandishi azikwe. Wako waliosema kaka wa kambo alimuua Walter akamfukia kwenye chumvi, na mahali alipopata ni ghala lenye hati za siri za baba yao. Wako waliosema Walter yu hai, alipata mahali pa kujificha, na angejitokeza siku ya harusi. Mtu mmoja aliandika kitabu kizima, kinene kuliko hadithi, kuthibitisha kwamba yule mjakazi ni Walter mwenyewe amevaa gauni. Hapo nilikata tamaa na elimu. Nadharia yangu mimi ilikuwa safi: kaka wa kambo hana hatia. Mtu anayelia kiasi kile ana madeni, si damu. Mjakazi ndiye aliyemsukuma mfereji­ni, kwa sababu amefagia nyumba ile maisha yake yote na hakuna aliyempisha. Mwalimu alisema hakuna Mzungu aliyewahi kuliwaza hilo. Nami sikushangaa.

Sasa Mama Sada. Yeye ni fundi cherehani, na siku zile alikuwa hana chumba chake. Alishonea kwenye kibaraza cha duka la jirani yangu kwa hisani, na jioni mashine inaingizwa ndani, asubuhi inatolewa. Mumewe, Ramadhani, mzaliwa wa Biryogo, alikwenda Bukavu kutafuta biashara wakati binti yao Sada bado yuko shule ya chekechea. Kulipochafuka kule hakurudi. Sada sasa yuko sekondari. Mtaa mzima tulijua jambo moja tu: kwamba kuna dereva alileta ujumbe wa Ramadhani siku za mwanzo, na ujumbe huo ulisema ameoa kule. Nani alisema hivyo? Mama Sada mwenyewe, mara moja, kwa kifupi, na hakurudia.

Kwa hiyo hakuwa mjane na hakuwa mke. Haji Sudi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi barabara kubwa, mtu aliyefiwa na mkewe na mwenye heshima, alikuwa amekwisha kumposa. Sheikh alimwambia Mama Sada njia ziko: anaweza kudai kuachishwa kwa kutelekezwa, au, kama hakuna habari yoyote, mume ahesabiwe amekufa. Alikataa zote mbili. La kifo alikataa kwa sababu habari anayo. La kuachishwa alikataa kwa sababu alitaka Ramadhani arudi, asimame mbele yake na mke wake wa Bukavu, aseme kwa mdomo wake. Haji aliendelea kungoja, na Mama Sada aliendelea kumngoja mwingine, na sisi tuliokaa katikati tulijifunza kuongea habari za hali ya hewa.

Basi kwenye nadharia za Walter, yake ilikuwa fupi. Alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Yuko hai. Mwanamume anayevaa viatu vyake vizuri asubuhi na mapema hajaenda kufa."

Mmoja wetu akataja mvua.

Nadharia iliyotushika wote ni ya Claver. Alikuja na andazi mkononi, amelala nayo na ameamka nayo. Alisema sisi tunahangaika na chumvi na ghala wakati jambo iko wazi. Kijana amechumbia. Mali yote imeshikwa na kaka. Hana kitu cha kupeleka kwa wazazi wa msichana. Halafu asubuhi moja anashuka anacheka, anamwambia mjakazi, nimepata mahari. Amekopa, ameuza, hatujui, lakini amepata. Anaondoka mapema ili afike kwao Alice kabla hawajabadili mawazo. Njiani, kwenye ukungu, wezi.

"Mtu ana mahari mfukoni, na mapema vile, na ukungu, halafu anatembea mguu?" Claver alisema. "Angeita hata motari."

Mwalimu alicheka, akamsahihisha kwamba Walter alisema mahali.

"Ndiyo," Claver akasema. "Mahari."

"Siyo mahari, Claver. Mahali."

"Sasa mimi nimesema nini, Ticha? Mahari."

Walikwenda hivyo mpaka chai ikapoa. Nyote mnajua ndugu zetu wa hapa ulimi wao hautenganishi herufi hizo mbili, na masikio nayo yanafuata ulimi. Mwalimu akabadili njia, akasema Waingereza hawatoi mahari hata kidogo, si ng'ombe, si kitu. Claver akatafakari, akatafuna. Akasema kumbe ndiyo maana kitabu kimewashinda.

Siku chache tu mtaa wote ulikuwa upande wa Claver. Muuza chai, wauza vitambaa, hata walinzi wa msikiti, walikubaliana kwamba Walter aliporwa mahari, na ubishi ukahamia kwenye kiasi ambacho baba yake Alice angestahili. Mimi nilibaki na mjakazi wangu peke yangu. Nimezoea kuwa peke yangu mbele.

Jioni moja Claver alikuwa anairudia nadharia yake kwa abiria aliyemleta, mgeni asiyejua lolote. Amefika mlangoni, Walter anacheka, "nimepata mahari, unisubiri, nakuja." Hilo la kusubiri alilitia chumvi yeye; halimo kitabuni.

Cherehani ya Mama Sada ikasimama.

"Claver," akasema. "Hebu rudia."

"Nirudie nini, Mama?"

"Neno la Walter."

"Mahari."

Mama Sada akainuka, akaja mpaka kwenye ngazi yangu. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali.

"Pikipiki yako umeiegesha wapi?"

Claver akatazama nyuma kama aliyeambiwa imeibwa. "Si pare, Mama. Mahari pa siku zote."

"Na ukienda kuoa kwenu, wazee watadai nini?"

"Inkwano, Mama." Akatabasamu. "Mahari."

Hakuna aliyecheka, ingawa yule abiria alijaribu. Mwalimu Otieno alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba jambo limetokea, akaufunga ukurasa kwa kidole.

"Wewe ni wa Cyangugu," Mama Sada akamwambia Claver.

"Yego, Mama."

"Yule dereva wa saruji aliyeniletea ujumbe naye alikuwa wa Cyangugu." Akanigeukia mimi. "Hakuzima hata injini, Fundi. Alinisemesha kutoka juu dirishani. Aliniambia, bwana yako anasema amepata mahari, umngoje."

Ndipo sote tulipousikia ujumbe ule kwa mara ya kwanza jinsi ulivyokuwa. Miaka yote tulijua tafsiri yake. Maneno yenyewe alikuwa ameyafungia.

Akaniuliza, "Ramadhani alikuwa analitamkaje?"

Mimi sijawahi kukosa la kusema, na mtu yeyote wa Biryogo atakula kiapo. Lakini hapo nilisema polepole. Nilimwambia Ramadhani alikulia madrasa ya pale nyuma, ulimi wake ulikuwa safi, mahali aliita mahali na mahari aliita mahari. Nikamwambia pia jambo ambalo lingenijia zamani kama angetupa maneno yenyewe: mwanamume akioa kwa siri hamtumi dereva wa lori aje kumtangazia mke wake, tena amwambie angoje.

"Alikwenda kutafuta mahali," akasema. "Alisema akipata atatuchukua, mimi na Sada na cherehani."

"Ndivyo alivyotuaga," nikasema.

Akakaa kwenye ngazi. Claver alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, hajui kosa lake ni lipi wala kama ni kosa.

"Nimemngoja kwa hasira, Fundi," Mama Sada akasema. "Kumbe alitaka nimngoje tu."

Nataka mlielewe hili, wadogo zangu, maana mimi lilinichukua muda. Kwa neno la kwanza Ramadhani alikuwa hai na hana haya. Kwa neno la pili alikuwa mwema, na kwa hiyo amekufa, kwa sababu mtu aliyepata mahali pa mkewe na mtoto wake hakai kimya mpaka mtoto anaingia sekondari. Herufi moja imempa mumewe na kumnyang'anya kwa mpigo. Na hakuna wa kuthibitisha. Mwalimu alilisema hilo kwa upole siku iliyofuata, kwamba hatujui, kwamba huenda dereva alisema alichosema. Wasomaji wa Walter wana raha moja: wanaweza kumwacha hai leo wakamuua kesho, na usiku wakalala. Kitabu kikibaki wazi hakimdai mtu kitu. Mama Sada hakuweza kukaa na nadharia mbili kitandani. Ilibidi achague moja aishi nayo.

Hakuchagua kwa pupa. Claver alitumia siku yake ya mapumziko kuzunguka kituo cha magari cha Nyabugogo akiuliza madereva wa saruji, wa zamani na wapya, nani aliwahi kupeleka ujumbe Biryogo. Alirudi jioni amechoka, kofia ya abiria inaning'inia tupu mkononi. Hakumpata. Mimi nilipiga simu Kamembe kwa jamaa anayevuka mpaka kila juma. Aliuliza Bukavu kwenye mitaa ya mafundi. Mzee mmoja alikumbuka Mnyarwanda Mwislamu aliyekuwa akiulizia chumba cha biashara karibu na soko, kabla kule hakujachafuka. Jina halikumbuki. Chumba kilipangishwa mtu mwingine, kwa sababu yule hakurudi kuleta kufuli.

Hilo nilimwambia Mama Sada kama nilivyoambiwa, bila kuongeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alivaa baibui nyeusi akaenda kwa sheikh.

Khitma ilisomewa hapa uani, mikeka ilifika mpaka barabarani. Misahafu iliyosomwa ni mingi niliyoishona mimi, nami sikuona mmoja ukiachia ukurasa. Claver alikuja, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka wa nyuma na mikono mapajani, hajui dua hata moja. Watu walipoitikia amina alichelewa kidogo kila mara, kisha akaitikia. Alipokuja kutoa pole, Mama Sada alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, naye akainamisha kichwa. Sikusikia walichoambiana.

Kitabu cha Mwalimu nilikimaliza wakati Mama Sada yuko eda. Nilikivika ngozi ya mbuzi, mgongo wa duara, kazi ambayo mkiiona leo mtadhani imetoka Ulaya. Mwalimu aliniomba niongeze karatasi tupu mwishoni ili aandike mwisho wake mwenyewe. Nikamwongezea, karatasi nzuri. Mpaka naandika haya hajaandika hata neno. Anasema kila akishika kalamu anasikia cherehani imesimama. Nilimwambia basi akubali ya mjakazi. Anasema bado anatafakari.

Eda ikaisha. Haji Sudi hakukurupuka, na hilo lilimpandisha machoni pangu. Alingoja kidogo tena, kisha akatuma mshenga, mzee mpole wa Nyanza, ulimi wake kama wa Claver. Mama Sada alimkaribisha, akamsikiliza, akasema amekubali. Mshenga akauliza, kama desturi inavyotaka, bibi arusi anataka mahari gani. Alipewa jibu, akaenda nalo kwa Haji, na saa hiyohiyo Haji akaja kwangu anatembea upesi, tumbo limetangulia. Alijua pa kuja.

"Fundi, mimi sielewi," akasema. "Mshenga ananiambia, mwanamke anasema mahari yake ni mahari. Nimemwuliza mara tatu. Mahari yake ni mahari. Ananikataa kwa mafumbo au vipi? Nenda kaniulizie, wewe una ulimi."

Ulimi ninao kweli, wa Buyenzi, haujapata kutu. Nikaweka mfupa wangu mezani, nikavuka kwenda kibarazani. Mama Sada alikuwa anafunga kifungo kwenye shati la shule. Nikamwambia Haji ameshindwa kuelewa anachotaka.

Alikata uzi kwa meno kabla ya kunijibu.

"Mwambie mahali," akasema. "Chumba chenye mlango unaotazama barabara, na kufuli yangu. Alichokuwa ananitafutia yule, huyu anikabidhi."

Nikamwuliza kama nilifikishe hivyo hivyo, pamoja na kumtaja huyo yule.

"Hivyo hivyo. Kama haliwezi, aseme sasa."

Nikarudi barabara kubwa. Haji alikuwa anapima nondo na mteja, lakini macho yalikuwa mlangoni. Nilimvuta pembeni, nyuma ya mifuko ya saruji, nikamfikishia yote, na yule nikamtia mahali pake. Neno lenyewe nililitamka polepole, ncha ya ulimi nimeisimamisha nyuma ya meno ikae pale, mpaka nikaona uso wake umelipokea.

Alijifuta vumbi mikononi, akapita nyuma ya kaunta, akavuta droo, akaanza kutafuta funguo.